Msifungue Godoro la Mama

KITUO CHA POLISI SINDO
MAELEZO YA SHAHIDI
Kuhusu: kupigwa na kujeruhiwa kwa Mirumbe Chacha, mpeleka mizigo, mkazi wa Homa Bay

Jina: Leonida Awuor
Umri: miaka 36
Kazi: muuzaji, duka la dawa za mifugo
Makazi: Oruba, Migori
Tarehe ya maelezo: Jumatatu, 16 Juni 2025

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Sikuitwa na mtu. Nimekuja mwenyewe kwa sababu ndugu yangu, Elijah Ouma, yuko kwenye seli ya kituo hiki tangu Alhamisi, na amekubali kosa ambalo mimi ndiye niliyelianzisha. Afande ameniambia niseme niliyoyaona na kuyasikia mwenyewe, si ya kuambiwa. Kuona sikuona. Nilikuwa Migori. Nilisikia kwa simu.

Mama yetu, Priscilla Akoth, anauza omena, dagaa wa ziwani, hapa Sindo. Mgongo wake umeharibika kwa miaka ya kuinama akianika omena, na godoro lake lilikuwa limebonyea katikati mpaka akawa analala ukingoni, kama mgeni kitandani mwake. Mwezi wa nne aliniambia kwamba asubuhi ni lazima ashike ukuta ndipo asimame. Nikamwambia nitamnunulia godoro, tena zuri, anipe muda nichague.

Nimeulizwa kwa nini nilinunua mtandaoni, si dukani. Ninajibu kwamba mimi ni mjuaji. Kazi yangu ni kusoma maandishi madogo kwenye chupa za dawa ya kupe, na wafugaji wananiamini, basi nikadhani na godoro ni vivyo hivyo. Karibu mwezi mzima nilikuwa nikirudi nyumbani, nawalisha watoto, kisha nakaa na simu. Nilijifunza kwamba sponji haipimwi kwa unene peke yake, na kwamba ile nyepesi humpendeza kila mtu ikiwa mpya, halafu baada ya mwaka inakuwa sahani. Nilijua inchi sita hazimfai mama, na kumi zingempandisha juu mno ashindwe kushuka. Nikachagua nane, ngumu, futi nne kwa sita. Mume wangu Cephas aliniambia, "Hata mimi hukunichunguza hivi." Nilicheka.

Mwaka jana niliagiza viatu mtandaoni nikaletewa vyote viwili vya mguu wa kushoto. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Kwa hivyo sikusoma maoni ya waliosifu, nilisema hao ni jamaa za muuzaji. Nilisoma ya waliolalamika. Mmoja alisema ameletewa kitu kidogo, mwingine sponji ya vipande, mwingine alisema hakuletewa kabisa. Muuzaji alikuwa ameweka video ya kuonyesha godoro linavyofika na linavyofunguliwa. Sikuifungua, nilikuwa nabana bando. Lakini masharti niliyasoma yote, hata yale ya chini kabisa, na moja nikalishika kwa moyo, kwamba ukikata plastiki mzigo haurudishwi. Nikalipa, nikaandika mzigo upelekwe Sindo nyumbani kwa mama, na namba ya Elijah.

Mnamo Alhamisi tarehe 12 Juni 2025, mchana baada ya saa nane, nilikuwa dukani. Elijah alinipigia. Yeye ndiye mdogo wangu, anashona nyavu, na anaishi katika boma la mama pamoja na mke wake Emmah. Mama hakuwepo, alikuwa ufuoni. Elijah alisema kwa Kijaluo, nami natafsiri: "Nyaminwa, dada yangu, mtu wa mzigo amefika. Lakini hii si godoro. Ni kitu cha kukumbatia tu, kimefungwa kama mkeka."

Nilimwambia aweke simu kwa sauti kubwa. Ndipo nikamsikia huyo kijana Mirumbe. Alisema Kiswahili, na nilimtambua kuwa Mkuria kwa jinsi alivyotamka. Alisema, "Madam, ni godoro yako hii. Walitoa hewa wakairoll ndiyo ikae kwa pikipiki. Mkikata plastiki inafura yenyewe, ni dakika kidogo tu." Alisema kwa heshima. Nasisitiza hilo kwa sababu mama ameniambia nyumbani wanasema kijana aliwatukana. Mimi nilikuwa kwenye simu tangu mwanzo. Hakutukana mtu.

Elijah akaniuliza, "Sasa nifanyeje? Mimi siwezi kufungua malalo ya mama mbele ya watu."

Hapa naeleza desturi. Afande anaijua, ila hakimu anaweza kuwa mtu wa kwingine. Kwetu mwanamume aliyeoa haingii chumba cha kulala cha mama yake, wala hagusi matandiko yake, na mke wake naye vivyo hivyo. Ni mwiko, na Elijah anauogopa kuliko mimi. Mirumbe aliposikia akasema, "Basi mimi nikate. Mimi ni mgeni, haiwezi kunidhuru." Elijah aliniuliza tena, "Akate?" Alikuwa ananiomba ruhusa. Mimi ni mkubwa wake, na mimi ndiye niliyenunua.

Nilisema, "Msifungue godoro la mama. Plastiki ikikatwa halirudishwi. Hiyo ndiyo janja yao."

Mirumbe alijibu kwamba kama hatutaki, ataurudisha mzigo Homa Bay tuongee na ofisi. Nilisikia akifunga mzigo kwa mpira, kisha nikasikia pikipiki ikiwaka. Niliona mwezi mzima wa kuchagua ukiondoka, na mama akishika ukuta. Nikapaza sauti kwa Kijaluo, ili kila aliyekuwa karibu na boma asikie: "Jakuo! Huyo ni mwizi, msimwachilie aende."

Nimeulizwa kama nilijua maana ya kusema hivyo mbele ya watu. Ninajibu kwamba nilijua. Nimekulia karibu na soko. Neno hilo likitoka kwa sauti, mwenye kulisema hawezi kulirudisha. Maji yakimwagika hayazoleki, na mimi ndiye niliyekuwa na mtungi.

Pikipiki ilizimika. Nilisikia miguu mingi. Nilimsikia Elijah akisema, "Ngojeni, ngojeni kwanza." Alisema hivyo zaidi ya mara moja, sauti yake naijua tangu akiwa mtoto. Sauti za waliopiga sikuzitambua. Mirumbe alikuwa akisema "kateni plastiki, kateni tu," halafu akawa hasemi maneno tena. Mimi sikusema acheni. Ningeweza, simu ilikuwa bado kwa sauti kubwa. Mteja alikuwa mbele yangu akauliza bei ya dawa ya minyoo ya mbuzi, nikamtajia. Sijui kwa nini nilimtajia.

Kisha nikasikia sauti ya mama akiuliza ni nini hiki bomani kwake. Mtu alimjibu, "Ni mwizi wa godoro lako." Mama hakubishana. Alisema tu, "Nileteeni kisu cha samaki." Nilisikia plastiki ikipasuka, halafu sauti ya pumzi, kama gurudumu lenye tundu. Emmah, nadhani ndiye aliyekuwa ameshika simu, akasema polepole, "Linakua." Kisha mama akaita, "Leonida, uko hapo?"

Nilikata simu.

Jioni ile nilinunua bando nikaitazama ile video. Ni ya dakika moja.

Mnamo Jumamosi tarehe 14 nilikwenda hospitalini Homa Bay. Mirumbe alikuwa na mkono uliofungwa plasta na bandeji juu ya macho yote mawili. Dada yake, aitwaye Liz, alikuwa akimlisha uji. Daktari alikuja nikiwapo, akamwambia jicho la kulia litapona, la kushoto wangojee. Mirumbe ana miaka ishirini na tatu. Nilikuwa nimebeba ndizi na maziwa, na nimepanga kuomba msamaha. Liz aliponiuliza mimi ni nani, nilisema natoka kanisani. Mirumbe aliacha kula. Aliugeuza uso upande wangu, akasema, "Hii sauti naijua." Niliweka ndizi chini nikatoka. Sikumwomba msamaha, na hilo pia nataka liandikwe.

Mnamo Jumapili tarehe 15, baada ya ibada, mama alinipigia. Alisema Elijah amewaambia polisi kwamba yeye ndiye aliyeita mwizi. Alisema Mirumbe amewaambia polisi kwamba sauti ilikuwa ya mwanamke, ilitoka kwa simu. Akaongeza kuwa nyumbani wote wamekubaliana kusema hakukuwa na simu yoyote. Akasema, "Wewe una watoto watatu na kazi, mwanangu. Elijah ameshakubali. Nyamaza, yaishe." Nilimuuliza kama analalia godoro. Alisema liko sebuleni, limeegemezwa ukutani, na yeye amerudi kwenye lile la zamani. Kisha akalia. Mama yangu sijamsikia akilia tangu tulipomzika baba.

Usiku huo nilimwambia Cephas kwamba asubuhi naja Sindo. Aliniuliza nani atawapeleka watoto shuleni. Nilimwambia ni yeye, na huenda iwe kwa muda mrefu. Hakunizuia.

Nimeulizwa kama kuna mtu aliyenishurutisha au kuniahidi chochote. Ninajibu hapana, walionisemesha wote walitaka ninyamaze. Nimeulizwa kama nasema haya kumtoa ndugu yangu. Ninajibu kwamba nampenda ndugu yangu, lakini kama alimpiga yule kijana, ajibie alichotenda kwa mkono wake. Hilo sikuliona. Ninachojua ni kwamba aliniuliza kijana akate au asikate, na nilikataza. Kijana anasema kweli. Sauti aliyoisikia kwenye simu ni yangu.

Hayo ndiyo niliyonayo ya kusema. Nimesomewa yote, nimeyatambua kuwa maneno yangu, na siondoi hata moja.

Sahihi ya shahidi: L. Awuor

MAANDISHI YA AFISA
Maelezo haya nimeyaandika mimi, Koplo Barnabas Masese, katika kituo cha Sindo. Shahidi alizungumza Kiswahili, na pale alipotumia Kijaluo alitafsiri mwenyewe. Alipofika kwenye maneno "huyo ni mwizi" nilimsimamisha, nikamwonya kwamba halazimiki kuendelea na kwamba atakayosema yanaweza kutumiwa dhidi yake mahakamani. Alinywa maji, akasema niandike. Ameelezwa asiondoke kituoni.

Saa tisa na nusu alasiri nilimtoa mahabusu Elijah Ouma nikamsomea maelezo haya mbele ya dada yake. Alisikiliza mpaka mwisho bila kumtazama. Amesema dada yake anadanganya ili yeye atoke, na kwamba siku hiyo hakumpigia simu mtu yeyote.