Mwanamke Aliyekataa Kuwasha Trekta

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na lile goti limeacha kukusumbua. Sisi huku hatujambo; mavuno yamepamba moto, na vumbi la mahindi tunalila pamoja na chakula.

Najua hupendi habari za mashine tangu chuma kilipotunyang'anya baba. Hata hivyo, hii nivumilie mpaka mwisho.

Msimu huu tumeletewa dereva mpya wa trekta, mwanamke. Siku ya kwanza aliizunguka mashine ya kupukuchulia, akaona ile shafti inayotoka kwenye trekta kuizungusha iko uchi, kifuniko chake kimeng'olewa, sawasawa na ile iliyomshika baba koti. Akasema hawashi kitu mpaka ifunikwe. Sisi wachukuzi tukamcheka, tukambandika jina la Breki.

Msimamizi wetu akawaka kama moto wa kifuu. Alifoka kwamba magunia yanasubiri, na kwamba ajali ni kazi ya Mungu. Breki akamjibu kwa adabu, "Mzee, hiki kifuniko hakikung'olewa na Mungu." Akatia ufunguo mfukoni, akaketi juu ya gunia. Alitishiwa kufukuzwa, hakuinuka. Mama, tuliokuwa tukicheka tukaanza kutazamana. Mmoja akaenda kuketi kando yake, akafuata mwingine, mwishowe uwanja mzima ukawa umekaa. Ikabidi fundi wa kuchomelea aitwe, akaunda kifuniko cha bati nene, ndipo kazi ikaanza.

Wiki iliyofuata mchukuzi mmoja aliteleza kwenye punje zilizomwagika, gunia likiwa mgongoni, akaiangukia shafti kifua kizima. Koti lake likatanda juu ya bati. Chini ya bati chuma kilikuwa kinazunguka kwa kasi ileile. Juu yake yeye akajiinua, akajipangusa. Breki alikuwa ameshazima trekta. Msimamizi akavua kofia.

Mchukuzi huyo, mama, ni mimi.

Sikukuandikia mapema kwa sababu nilijua ungemkumbuka baba. Sasa umeshajua, na la pili nakuomba ulisome ukiwa umekaa: nimemwomba Breki tuoane, naye amekubali. Majirani wakikuuliza mkweo anafanya kazi gani, usijibu kwa sauti ya chini. Waambie anaendesha trekta, tena ndiye aliyekubakishia mwana. Mimi mwenzio nikipita naye njiani natembea kifua mbele, utadhani trekta ni langu.

Mavuno yakiisha tutakuja wote wawili. Nimeshamsimulia jinsi baba alivyokufa. Yeye anataka umsimulie jinsi alivyokuwa akicheka.

Nisalimie dada na shemeji, na wajukuu uwakumbatie mmoja mmoja kwa niaba yangu.

Akupendaye daima,
Kitindamimba wako