Tuliyemkuta Njia ya Msituni

Maskati

Dada Rukia mpenzi,

Na kweli ikawa kama ulivyosema: Mama mkwe hataki nitoke nje mpaka fungate iishe, na safari ya kuja kwako Dubai nisiitaje mpaka mwakani. Lakini leo joto limepungua, na Seif wangu akaninong'oneza kwamba nyuma ya mlima wamechonga njia mpya za miguu ndani ya msitu wa migunga na mikunazi. Mama mkwe alikuwa kajifungia chumbani tangu adhuhuri, kasema anaumwa magoti, analala. Tukatoka mlango wa uani, viatu mkononi.

Basi tukapanda, Seif akinishika mkono kila penye jiwe, na hata pasipo na jiwe. Kufika juu kabisa, nani kakaa chini ya mkunazi na shoga yake, sahani ya halua na birika la kahawa mbele yao? Mama mkwe, na magoti yake.

Akaitazama hina ya miguu yangu. Mimi nikayatazama magoti yake.

"Mwanangu," akasema, "mimi sijakuona."

"Wala mimi, Mama. Nimekuacha kitandani."

Shoga yake akacheka mpaka kahawa ikampalia. "Mkaribishe mkweo halua, bibi. Umeshikwa."

Nikala, na kabla sijafuta vidole nikaomba ruhusa ya safari. Kaitoa palepale, tena kwa upole. Nibusie watoto, na Mama yetu usimwambie kitu. Nnakuja kwako kabla mwezi huu haujesha.

Mdogo wako,
Zuwena