Hakimu Alisema Tule Asali Pamoja

Kipalapala, Tabora
9 Juni 1953

Dada yangu mpendwa Flavia,

Shikamoo dada. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Nzega, wewe na shemeji na watoto. Sisi hatujambo. Mama kapona mguu na ameanza tena kumgombeza jogoo. Mimi nina furaha na naandika mbiombio, basi univumilie mwandiko.

Ile kesi ya mninga imekwisha. Unakumbuka Baba na Mzee Kasimiri walivyougombea ule mti wa mizinga ya nyuki, mpaka Baba akaapa mbele ya watu, nje ya kanisa, kwamba hatakanyaga ua wa Kasimiri ila kwa amri ya Serikali. Unajua pia kiapo kile kilimwumiza nani. Ambrosi ni mtoto wa Kasimiri, na mimi sikutaka mwingine.

Hakimu alimpa Kasimiri mti. Lakini kabla ya kuinuka, hakimu akaongeza kwamba kwa maoni yake ingekuwa vema nyumba hizi mbili zirine asali pamoja na kuila sahani moja. Bwana Abbasi, mkalimani, akayafasiri vizuri. Wazee wetu wamezoea baraza la mtemi, ambako kila neno litokalo kitini ni amri, basi wakatoka wakitangaza kwamba Serikali imeamuru. Jumamosi wakarina pamoja. Ungecheka, dada! Baba yuko chini na moshi, Kasimiri yuko juu analalamika kwamba anafukizwa yeye badala ya nyuki. Asali ikaliwa uani kwa Kasimiri, na wiki iliyofuata akaleta posa yangu. Baba akaipokea.

Kumbe Ambrosi alikuwa amemwuliza Bwana Abbasi. Akaelezwa kwamba kinachofunga ni hukumu, yaani ule mti tu. Yale ya asali hakimu aliyasema pembeni, kama mtu yeyote mwenye macho, na asiyeyafuata hana kosa. Baba akijua, si atarudi kwenye kiapo chake? Nikaificha siri hiyo siku kadhaa. Mwishowe nikaona siwezi kufunga ndoa huku Baba amedanganyika. Nikampelekea maji ya kunawa, nikapiga magoti, nikamwambia yote.

Baba alicheka mpaka akakohoa. Akasema alimwuliza Abbasi siku ileile, kabla hajapanda baiskeli. Ugomvi ulikuwa umemchosha kuliko sisi sote, ila kiapo kilimfunga, na hakimu kamfungulia mlango. Akaniomba jambo moja tu, nisimwambie Kasimiri, kwa kuwa maskini yule anaamini ni amri, na akijua ataivunja posa.

Nikakimbia kwa Ambrosi. Alinisikiliza, kisha akakaa chini mavumbini kwa kicheko. Baba yake naye alimwuliza Abbasi, na amemwomba Ambrosi hivyohivyo, Baba yetu asijue.

Basi dada, ndoa ni baada ya mavuno, na wewe ndiwe utakayenivisha. Ukifika utawakuta wazee wawili sahani moja, kila mmoja akimhurumia mwenzake kwa kutojua sheria. Tafadhali usiwaambie.

Wabusu watoto, mpe shemeji salamu zangu. Mama anasema uje na kanga yake.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Veneranda