Rejeta ya Kukaa Nayo

Kitangari, Newala

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naamini barua hii inakukuta barazani na chai yako, mvua ya Tukuyu ikigonga bati kama kawaida yake. Mgongo unaendeleaje? Na mama, bado anagombana na kuku wa jirani? Mimi sijambo. Nakula vizuri, na watoto wangu wa darasa la tatu wameanza kusoma bila kufuatisha kwa kidole. Shida yangu ilikuwa moja tu, gari ulilonipa, na ndiyo imenifanya nikuandikie. Kwenye simu nikilitaja tu unanidakia, unaanza kunifundisha, salio linaisha kabla sijafika kwenye habari yenyewe. Karatasi hutaweza kuidakia.

Unajua rejeta ilikuwa inavuja. Usichojua ni maana ya kuvuja huku juu mlimani. Kwetu gari likitaka maji unasimama popote, unachota kijitoni, unaondoka. Hapa Kitangari maji ni ya mvua, yanakingwa kwenye bati na kuwekwa kisimani, na yakiisha unanunua kwa dumu au unayafuata bondeni. Mimi nachota kwenye kisima cha mwenye nyumba wangu, Mama Hilda, kiongozi wa kwaya kanisani. Kila asubuhi alisimama mlangoni akinitazama ninavyolinywesha gari. Siku moja uvumilivu ukamwishia.

"Mwalimu," akasema, "mgeni akija kwangu nampa maji. Lakini huyu wako anakunywa kila siku, hasemi asante, na akishiba anakojoa hapo hapo uani."

Nilicheka. Yeye hakucheka, akaninyang'anya ufunguo wa kisima.

Nikakupigia simu, nawe ukaniambia, "Nunua ya plastiki. Ikufikishe nyumbani tu, basi." Maana umeshanitafutia mwalimu wa kubadilishana naye kituo, kijana wa Masasi anayefundisha huko Tukuyu na amechoka na baridi. Yeye aje huku karibu na kwao, mimi nirudi kwetu. Fomu ninayo, inangoja sahihi yangu. Lakini kabla sijaenda dukani yakatokea mambo.

Kwaya ilialikwa kuimba kwenye harusi kule chini, Lupaso. Mama Hilda na wenzake watatu wangepanda gari letu. Alfajiri, mimi bado nimelala, Mama Hilda akaamua kulitibu. Akakoroga unga wa muhogo, ile gundi anayobandikia majalada ya vitabu vya nyimbo, akaumimina wote kwenye rejeta na kufunika. Hakuniambia, alitaka iwe zawadi. Na kweli, kushuka tulishuka bila tone kudondoka. Nikasema Mungu ni mwema, na Mama Hilda akaitikia amina kwa sauti kubwa kuliko siku zote.

Kurudi ndiko kulikuwa na kazi. Tulipoanza kupanda mlima mshale wa joto ukapanda pamoja nasi, tena wenyewe ukatutangulia. Nikaegesha kando, nikazima injini, nikangoja ipoe kidogo kama ulivyonifundisha, nikafungua mfuniko kwa kitambaa. Baba, hayakutoka maji. Ulitoka ugali. Mweupe, mzito, unapanda taratibu wala hauna haraka. Mama mmoja wa sauti ya pili akachovya kijiti, akaugeuza akiutazama.

"Umeiva," akasema. "Kilichobaki ni mboga."

Sote tukamgeukia Mama Hilda. Mama Hilda akaitazama mikorosho ya ng'ambo ya barabara kana kwamba hajawahi kuona mkorosho.

"Nilikuwa naokoa maji," akasema mwishowe.

Tukiwa hapo akapita mama tusiyemjua, mtoto mgongoni na ndoo kichwani, anatoka kuchota bondeni. Akauliza kuna nini, tukamweleza, akacheka mpaka ikabidi atue ndoo. Kisha akaisogeza kwenye gari. "Haya, lioshwe," akasema, kama mtu anayetoa kikombe kimoja. Nikamwambia tungoje kidogo, injini yenye moto haimwagiwi maji baridi. Akakaa chini akangoja pamoja nasi, akamnyonyesha mtoto, akaimbiwa wimbo mmoja wa harusi. Tulipomaliza kuchokonoa na kusuuza, ndoo ilikuwa imebaki nusu. Nusu, baba, na alikuwa ameupanda mlima ule nayo kwa miguu. Akajitwika, akasema, "Linywe tu, lakini lisile tena," akaenda zake huku bado anacheka. Mimi nikaingia nyuma ya usukani nikalia. Wanakwaya walidhani nalilia gari, wakanibembeleza, na tukafika nyumbani kwa kupumzika kila kona.

Fundi wa hapa akaing'oa ile rejeta, nikaifunga kwenye kanga, nikaenda nayo Masasi kwenye duka la spea la Mangi mmoja, mtu wa Moshi. Akafungua kanga, akachungulia ndani, akanusa.

"Pole, Mwalimu. Hii imekufa kwa shibe."

Akaniwekea tatu mezani. Ya kwanza ilikuwa kubwa, nikaipima kwa rula yangu ya ubaoni na kuona kwamba boneti lisingefunga, na matundu ya mipira ya maji hayakukaa mahali pake. Nikaikataa. Ya pili ilikuwa mpya, kichwani plastiki, nyepesi kama sinia na inang'aa. Ya tatu mtumba, ya shaba, nzito, imechomelewa mahali pawili na mtu mwenye mkono mzuri. Hizo mbili zilienea. Nikaagiza karai la maji, Mangi akanung'unika, nikamwambia mimi ni mtoto wa dereva. Nikaizamisha ile ya shaba, nikaziba tundu moja kwa kiganja na kupuliza lingine mpaka macho yakanitoka. Watu wakajaa. Mmoja akauliza kama hapa ndipo wanapofundisha tarumbeta. Hakikutoka kiputo hata kimoja.

"Sasa niambie," Mangi akasema. "Gari ni la kuondokea au la kukaa nalo? La kuondokea, plastiki inakutosha. La kukaa nalo, beba shaba."

Nilisimama pale mdomo una ladha ya kutu, nikikumbuka ulichoniagiza. Ndipo nikashtuka. Wewe, uliyeendesha malori ya chai mpaka ukastaafu, uliyekataa kupanda gari la mjomba kwa sababu ya rejeta yake, uliyetukaririsha tangu utotoni kwamba plastiki hutupwa na shaba huchomelewa, leo wewe ndiye unayenishauri plastiki! Baba, kumbe umenikumbuka kiasi hicho. Moyo uliniuma, na nusura niichukue ile ya plastiki kwa ajili yako tu.

"La kukaa nalo," nikamwambia.

Nilipojisikia nimesema, nikajua nimeshaamua. Fomu sikuisaini. Yule kijana wa Masasi asihuzunike, kwa kuwa mwenzangu wa darasa la tano ni mtu wa Kyela, kila siku anawalilia samaki wa ziwa, na yeye na kijana huyo wamekwisha kubaliana kubadilishana. Mimi nina watoto ambao ndio kwanza wameacha kufuatisha kwa kidole. Na kuna mama mmoja nina nusu ndoo yake, wala sijui hata jina lake. Ukasirike, una haki, lakini usidhani nakukimbia.

Nisalimie mama sana. Msalimie kaka Lusajo kwenye shamba lake la chai, na shangazi wa Kiwira, mwambie sweta alilonifumia nafunikia mtungi, huku halivaliki. Mjomba naye mpe salamu, umwambie rejeta yake tumeisamehe. Mama Hilda anakuamkia, tena amenirudishia ufunguo wa kisima.

Likizo ya Desemba nitakuja na gari. Utafungua boneti mwenyewe, utaigonga ile shaba kwa kidole, utaitafutia kasoro. Kisha litarudi huku, na kiti cha mbele ni chako ukitaka.

Binti yako mkaidi,
Atuganile