Jina la Mama Kwenye Mradi

Jumanne

Sijamwambia mtu yeyote kwamba nataka kuwa mhandisi wa maji kama Mama. Leo sina hakika tena.

Kampuni ya ushauri kutoka nje ilitumia jina lake na vyeti vyake kuomba kazi ya mradi wa maji taka hapa Changamwe. Wafadhili wakavutiwa naye, kampuni ikashinda. Jioni hii meneja wao amepiga simu: nafasi ya Mama amepewa mtu wao.

"Kwa hivyo jina langu lilifaa, mimi mwenyewe ndiye nisiyefaa?" Mama akauliza polepole. Kisha, "Haya bwana, ahsante."

Zikija kampuni nyingine atazipa vyeti vilevile. Afanyeje?

Akaingia jikoni. Mabuti aliyoyasafisha kwa ajili ya mradi yalikuwa mlangoni. Nikayarudisha uvunguni kabla hajatoka.