Mashine ya Kigango na Nyengo ya Baba

Jumamosi, 21 Machi

Nimeamka kabla ya kengele ya kanisa, kama kila Jumamosi. Nimefagia uwanja. Nimempa nguruwe wa mama maganda ya ndizi. Halafu nimefanya ujinga.

Shamba la mteremkoni linasubiri kufyekwa ili mama achimbe ngolo, mashimo ya kilimo chetu cha mlimani. Kufyeka ni kazi ya wanaume, lakini kaka yuko Ngaka kwenye mgodi wa makaa ya mawe, na bega la baba halinyanyuki. Baba akasema nichukue nyengo yake ya kufyekea, ile yenye ncha iliyopinda, nifyeke mimi. Njia ya shule inapita pale pale. Nilijiona tayari: msichana wa kidato cha tatu na nyengo mkononi, wavulana wanacheka.

Nikachukua mashine ya kukatia nyasi ya kigango, kanisa letu dogo la kijijini. Inalala stoo kwetu, baba ndiye mtunzaji. Kazi ya mashine ile ni uwanja wa kanisa tu, si mlimani. Niliisukuma kukiwa bado na ukungu, nisionekane. Ilikata vizuri sana. Nilifurahi, naandika ukweli. Kisha ikagonga jiwe, ikapiga yowe, ikazima. Kisu kimepinda, na chuma kinachokishika kimepinda pia.

Mama alipofika aliokota nyasi kwanza. Zikamwagika vidoleni. Ngolo inataka nyasi ndefu: unazilaza mistari, unazifukia, katikati yanabaki mashimo. Zangu zilikuwa unga.

"Umewasagia kuku?" Alicheka. Akaiona mashine. Akaacha kucheka.

Jumapili, 22 Machi

Kanisani, baada ya matangazo, baba alisimama akasema yeye ndiye ameharibu mashine. Hakunitaja. Lakini kijiji kizima kiliisikia ikinguruma mlimani, na bega la baba wanalijua. Shingo zote ziligeuka kwangu. Nilitamani sakafu ipasuke.

Mwenyekiti wa kigango akajibu kwa upole: itengenezwe au inunuliwe nyingine, mtaamua wenyewe nyumbani. Upole ule umeniuma kuliko fimbo.

Jumanne, 24 Machi

Fundi amekuja kutoka Mbinga mjini. Inatengenezeka. Itatetemeka kidogo, lakini itakata.

Baba amekataa. "Kitu cha kanisa sikirudishi kinatetemeka." Anataka kumuuza nguruwe, anunue mashine mpya. Nguruwe ni wa mama. Ana mimba. Mama alichochea moto uliokuwa unawaka vizuri tu.

Shuleni, wavulana: "Injinia, leo trekta umeliacha wapi?" Nikacheka pamoja nao. Mwoga mkubwa mimi.

Jumatano, 25 Machi

Nilitaka kumwomba baba radhi. Sikusema.

Kwa Kiingereza kuomba radhi ni neno moja, unalitupa, unapita. Kwa Kimatengo, lugha yetu ya nyumbani, inabidi usimame mbele ya mtu. Nimefanya mazoezi kwa Kiswahili, chooni.

Alhamisi, 26 Machi

Mnunuzi amekuja. Amemzunguka nguruwe, amemgonga mgongo. Anamchukua kesho asubuhi. Mama aliingia ndani.

Baada ya ugali nilimfuata baba nje. Nikasema "Shikamoo baba", ingawa asubuhi nilishamwamkia. Alinitazama kana kwamba naumwa. Nikayamwaga yote kabla sijakimbia: mashine itengenezwe, mpaka irudi, uwanja wa kanisa nafyeka mimi, kwa nyengo, na shamba pia. Nguruwe abaki.

"Watu watakuona."

"Wanione."

Sauti ilitoka nyembamba kama ya kifaranga. Baba akatoa simu, akampigia mnunuzi, asije.

Ijumaa, 27 Machi

Mashine imeenda mjini kwa fundi. Mama amenipa yai zima peke yangu. Nililila nikiona haya.

Jumamosi, 28 Machi

Kesho ni Jumapili ya Matawi, kwa hiyo uwanja lazima uwe safi. Nimefyeka mchana kweupe. Kwaya ilikuwa na mazoezi, nusu yao darasa langu. Walikaa madirishani.

"Injinia, hapo umeacha msitu!"

Masikio yaliwaka moto. Niliendelea. Nyengo ilipokuwa butu, baba aliipokea, akaketi kwenye ngazi za kanisa, akainoa kwa mkono wake mzima mbele ya wote. "Usipige. Vuta." Hilo tu. Nyasi zimekatika ngazi ngazi, kama kichwa alichonyolewa mtoto anayelia.

Jumapili, 29 Machi

Maandamano ya matawi yalipita juu ya nyasi zangu. Niliangalia miguu ya watu muda wote.

Wakati wa kutakiana amani nilikunja vidole kuficha malengelenge. Bibi wa benchi la mbele aligeuka, akaona ngumi. Akavikunjua kimoja kimoja, akanishika mkono.

"Amani, mwanangu."

Nikaitikia.