Wanyama wa Pembe Waliofungwa Uzi

Eldoret, Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu wewe na wote wanaoota moto jikoni kwako. Je, lile goti limepoa? Mvua imefika huko Maragoli? Sisi tuko hai. Baridi ya huku inauma masikio, lakini mkweo Yohana bado yuko kwenye kiwanda cha mbao, na mimi bado nafinyanga. Najua umesikia kwamba nilizuiwa Meza ya Bwana. Ya watu yaache. Sikia yangu.

Memsahibu wa shamba tunalokaa aliona vyungu vyangu akaniita. Akanifungulia kitabu chenye picha za wanyama ambao sijawahi kuwaona: mwili kama wa kifaru, mdomo kama wa kasuku, na nyuma ya kichwa kitu kipana kama ngao. Alitaka niwafinyange wadogo, wa kushikwa mkononi.

"Ni vya kuchezea watoto," akasema.

"Watoto gani, Memsahibu?" Maana nyumba ile haina mtoto.

"Wako Ulaya."

Sikuamini, lakini nilichukua kazi.

Wale wa pembe tatu walikuwa rahisi, Mama; wanasimama vizuri na moto hauwapasui. Yule wa pembe moja puani ndiye mzuri kuliko wote, anajaa kiganja cha mtoto. Lakini kuna mwingine mwenye miiba mirefu kuzunguka ngao! Nilichoma sita, akatoka mzima mmoja.

Memsahibu alikuwa akiwapokea mlangoni, anaingia nao chumba cha nyuma, anafunga. Baada ya siku mbili mmoja anarudi, amefungwa uzi mwekundu kwenye pembe. "Tengeneza tena," basi. Wiki nyingine, uzi shingoni. Mama, niliogopa kurogwa. Nani hufunga uzi kwenye mnyama wa udongo kwa nia njema? Nikaanza kuchoma nywele zangu zinazobaki kwenye kitana.

Rasoa, jirani yetu, akamwona huyo wa uzi dirishani kwangu. Kufika Jumapili, Mzee Zakayo, mkubwa wa wazee wa kanisa, akanisimamisha mbele yao.

"Umewahi kumwona mnyama huyu?"

"Hapana, Mzee."

"Unamjua mtu aliyemwona?"

"Simjui."

"Basi unafinyanga kitu ambacho Mungu hakuumba."

Ndipo nikazuiwa Meza. Hata Yohana akaanza kunusa chai yangu kabla ya kunywa. Hilo ndilo liliniumiza zaidi.

Jumatano nikamwendea Mzee Zakayo. "Twende wote, ukaone mwenyewe." Memsahibu alipotuona wawili alisita, akatazama nyuma, kisha akafungua kile chumba.

Kitandani alilala baba yake, mzee sana, upande mmoja wa mwili umekufa, hawezi kusema. Wanyama wangu walijaa kwenye blanketi lake, kundi kwa kundi. Memsahibu akatuambia kwamba ujanani alichimba mifupa ya wanyama hao, waliokwisha zamani sana, na sasa anataka kila mjukuu apate mmoja wa kila aina. Nikikosea, anafunga uzi mahali pa kosa, kwa mkono ule mzima. Memsahibu alimficha kwa sababu hakutaka watu wamwone akidondokwa na mate.

Bado nilikuwa na shaka. Yule mgonjwa akaiona usoni mwangu, akanipa kipande cha jiwe kizito, ncha ya pembe. Nimeshika udongo tangu utoto, Mama. Ile haikufinyangwa na mtu. Ilikuwa na vijitundu ndani, kama mfupa wa ng'ombe uliovunjika.

Mzee Zakayo akaketi ukingoni mwa kitanda. Akamchukua yule wa pembe moja, akampiganisha kwa pembe na wa pembe tatu aliyekuwa mkononi mwa mgonjwa. Wakacheka, mmoja kwa sauti, mwingine kwa nusu ya mdomo.

Leo amenirudisha Mezani. Akawaambia watu, "Nilitazama nikiwa mlangoni tu. Ni vitu vya watoto. Sikugusa." Na Biblia mkononi, Mama! Tulipotoka, Yohana alinishika mkono mbele ya Rasoa. Lakini Mzee Zakayo sasa mimi ndiye ninayemtazama kwa jicho la pembeni, na yeye anajua.

Nisalimie Baba, dada anayekuchotea maji, na mjomba mwalimu anayekusomea haya. Mwambie mahali pa Mzee Zakayo asome kwa sauti ndogo, maana shemeji za mzee huyo wako ng'ambo ya ua.

Ni mimi mwanao mfinyanzi,
Doreka